Udalali wa linki: kuuza kwa kamisheni kupitia mitandao ya kijamii na orodha ya barua pepe

Dalali wa nyumba kule Umoja au Pipeline, Nairobi, halipwi kwa kuzungusha watu kwenye ngazi. Analipwa mpangaji akishalipa na kuingia. Dalali wa linki naye ni vivyo hivyo: duka la mtandaoni linakupa linki yenye namba yako, mtu anaibonyeza, anaagiza, mzigo unamfikia, siku za kurudisha bidhaa zinapita, ndipo kamisheni inahesabika kuwa yako. Kila hatua hapo ina tundu lake. Wengi wanaolalamika kwamba kazi hii haina pesa wanabonyezewa linki zao kila siku. Pesa ndiyo inayowatoroka njiani. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata safari ya mbonyezo mmoja, kutoka kwenye simu ya mteja hadi kwenye M-Pesa yako, na kuonyesha pale panapovuja.

Tutumie mfano mmoja kote: vifaa vya jiko kwa anayekaa bedsita, yaani chumba kimoja cha kulala na kupikia. Ni soko zuri Nairobi kwa sababu watu wanahamahama, nafasi ni finyu, na kila mmoja ana swali lile lile: hiki kitu kitanila tokeni (umeme wa kulipia kabla) kiasi gani?

Soma masharti kabla ya kubandika linki

Maduka ya mtandaoni ya Jumia na Kilimall yamekuwa na mipango ya kamisheni kwa soko la Kenya. Amazon ina mpango wake pia, lakini kwa hadhira ya hapa nyumbani haufai sana: mnunuzi wa Nairobi atalipa usafiri na ushuru juu ya bei, kuki ya Amazon (alama inayoachwa kwenye kivinjari cha mteja ili duka likumbuke ni nani aliyemleta) kwa kawaida hudumu saa 24 tu, na usipopata mauzo 3 yanayokubalika ndani ya siku 180 akaunti yako inafungwa. Iache kwa wenye wasomaji Marekani au Uingereza. Kampuni za kuhifadhi tovuti na za programu za kompyuta hulipa kamisheni kubwa zaidi, ila wanaohitaji bidhaa hizo ni wachache na hufikiria muda mrefu kabla ya kulipa.

Katika masharti tafuta mambo manne. Asilimia ya kila aina ya bidhaa, maana simu na friji kwa kawaida hulipa asilimia ndogo kuliko nguo au vipodozi. Muda wa kuki. Njia zinazoruhusiwa: baadhi ya mipango hukataza linki kuwekwa ndani ya barua pepe, na mingi hukataza kulipia matangazo yanayotumia jina la duka. Mwisho, kiwango cha chini cha kulipwa na njia ya malipo. Kama linki zimekatazwa kwenye barua pepe, mpeleke msomaji kwenye ukurasa wako kwanza, akutane na linki huko. Ukipuuza sharti hili utaligundua siku ya malipo, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kuligundua.

Halafu piga hesabu kabla ya kutumia hata bando moja. Tuseme sufuria ya presha ya umeme inauzwa 6,500 na kamisheni ni asilimia 5. Hiyo ni shilingi 325. Ili upate kama 20,000 kwa mwezi unahitaji oda 62 zilizofika na kubaki kwa mteja. Ikiwa katika kila mibonyezo 100 watu 2 wananunua, unahitaji mibonyezo 3,100. Namba 2 hapo ni ya kuanzia tu. Baada ya miezi miwili weka namba yako halisi. Hesabu hii ina faida moja kubwa: inakuonyesha kwamba kijiko cha shilingi 150 hakitakulipa kodi ya nyumba hata ukikipigia debe kutwa.

Mitandao: kila mmoja una mlango wake

WhatsApp ndiko Nairobi inakoishi, lakini ina mipaka ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Orodha ya matangazo (broadcast list) hupokea watu 256, na ujumbe unawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumfanya mtu akuhifadhi: mwambie atume neno moja, kwa mfano JIKO, na ahifadhi namba hiyo kwa jina la biashara yako. Kundi hubeba hadi watu 1,024, lakini kila mwanachama anaona namba za wengine, na siku mbili tu zinatosha kwa matapeli kuanza kuwatumia watu wako ujumbe. Chaneli ya WhatsApp huficha namba, kwa hiyo ni salama zaidi kwa matangazo ya wengi. Stetasi huisha baada ya saa 24. Picha tatu zinatosha: tatizo, kipimo, linki. Ukiweka ishirini, watu watazipita kidole kikiwa mbioni.

Instagram haifanyi linki ya kwenye maelezo ya picha ibonyezeke. Ukiandika linki ndefu pale chini umepoteza nafasi. Tumia stika ya linki kwenye stori, au linki za kwenye wasifu, ambazo tangu 2023 zinaweza kufika 5. TikTok kwa kawaida hudai wafuasi 1,000 kabla ya akaunti ya kawaida kuweka linki kwenye wasifu. Kabla ya hapo elekeza watu kwenye neno la kutafuta au kwenye WhatsApp yako. Kwenye makundi ya Facebook ya mitaa (Kasarani, Rongai, Kahawa West na kwingineko) muulize kwanza anayelisimamia. Jibu swali la mtu kwa ukamilifu, kisha linki iwekwe kwenye maoni ikiruhusiwa. Linki tupu isiyo na maelezo hufutwa, na wewe unafutwa nayo.

Sasa tundu kubwa zaidi, ambalo wachache hulitazama. Mtu akibonyeza linki ndani ya Instagram au Facebook, mara nyingi ukurasa hufunguka kwenye kivinjari cha ndani ya programu hiyo. Kuki inabaki humo. Jioni, akiwa kwenye matatu, anakumbuka ile sufuria, anafungua programu ya duka moja kwa moja kwenye simu na kuagiza. Duka halina habari kwamba ulimleta wewe. Dawa ni tatu. Uliza kama mpango wako una linki zinazofungua programu ya duka yenyewe, na uzitumie. Kwenye stori andika wazi: “Bonyeza hapa ukiwa tayari kuagiza.” Tatu, usimpeleke mtu dukani kutoka mtandao wa kijamii ikiwa bado anafikiria, mpeleke kwenye orodha yako ya barua pepe, umpe linki siku akiwa na pesa mkononi. Mipango mingi humpa kamisheni yule ambaye linki yake ilibonyezwa mwisho, kwa hiyo aliyefika tarehe 28 na linki mpya humshinda aliyehangaika tangu tarehe 9.

Jaribu linki zako kwa simu ya pili kabla ya kuzitangaza. Bonyeza, kisha subiri uone kama mbonyezo umeonekana kwenye akaunti yako ya mpango. Usinunue mwenyewe kwa linki yako. Mipango mingi huchukulia hilo kama udanganyifu na kufunga akaunti.

Orodha: nani anastahili kuwa humo

Karibu kila mwenye simu ya Android ana anwani ya Gmail, kwa kuwa simu yenyewe humwomba. Hiyo haimaanishi anaisoma. Wanaofungua barua pepe kila siku ni wa ofisini, wanafunzi wa vyuo, wanaotafuta kazi na wanaofanya kazi za mtandaoni. Ikiwa wateja wako ni akina mama wa soko la Wakulima, achana na barua pepe, jenga chaneli ya WhatsApp. Kwa soko la bedsita, barua pepe inafaa sana.

Mtu hakupi anwani yake bure. Mpe karatasi moja ya PDF yenye kitu anachoweza kukitumia leo: “Jiko la bedsita kwa shilingi 10,000: ununue nini kwanza, nini kisubiri.” Weka bei za mtandaoni kando ya bei ulizouliza mwenyewe kwenye maduka ya Luthuli na Kamukunji katikati ya Nairobi, pamoja na tarehe uliyouliza. Ndiyo, wengine wataona Kamukunji ni nafuu kwa sufuria za kawaida na kwenda huko. Waache waende. Watakuamini ukiwaambia kuhusu kifaa cha umeme chenye waranti. Faili lisizidi MB 1. Watu wako kwenye bando.

Fomu iwe na sehemu mbili tu, jina na barua pepe. Chini yake weka kisanduku kisichotiwa tiki mapema, chenye maneno kama haya: “Nakubali kutumiwa barua pepe kuhusu vifaa vya jiko, pamoja na linki zinazokulipa kamisheni. Naweza kujiondoa wakati wowote.” Washa uthibitisho wa hatua mbili: mtu anajaza, anapokea barua, anabonyeza kukubali, ndipo anaingia. Utapoteza wachache, lakini utaondoa anwani zilizoandikwa “gmail.con” na zile za kuchezea, ambazo zikirudi kwa wingi huharibu sifa ya domeni yako, yaani jina lako la mtandaoni linalofuata @ kwenye anwani.

Kisanduku hicho kina sheria nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya wazi kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara, na njia rahisi ya kukataa. Hifadhi tarehe na saa ya kila ridhaa. Mtu akilalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, huo ndio ushahidi wako. Biashara ndogo husamehewa kujisajili huko, lakini msamaha huo haugusi wale ambao kazi yao kuu ni kutangaza bidhaa moja kwa moja kwa watu (direct marketing), basi ulizia mapema hali yako. Orodha za kununuliwa, na namba zilizonakiliwa kutoka kwa daftari la wageni ambalo askari hukujazisha getini, usiziguse kabisa.

Kufika ndani ya kikasha

Nunua domeni yako, .co.ke inatosha. Usitume barua za wingi kupitia chombo cha kutuma (huduma ya mtandaoni ya kutuma barua nyingi) huku anwani ya mtumaji ikiishia na @gmail.com: ukaguzi wa DMARC, unaoangalia kama barua kweli imetoka kwa mwenye domeni, utafeli na barua zinaweza kuishia kwenye spamu. Vyombo vyenye mpango wa bure vipo, kwa mfano Brevo, ambayo kwa bure hukupa barua 300 kwa siku, na Kit. Soma masharti yao pia. Baadhi ya vyombo hufunga akaunti zinazotuma linki za kamisheni tupu bila maudhui.

Chombo kitakupa rekodi za kuweka kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako: SPF, DKIM na DMARC. Zote tatu huthibitisha kwamba barua imetoka kwako. Kosa linalojirudia ni kuongeza rekodi ya pili ya SPF wakati domeni tayari ina moja. Domeni ina haki ya rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, zote hazifanyi kazi. Ziunganishe kwenye mstari mmoja. DMARC anza na p=none, yaani bila kuomba barua zinazofeli zizuiwe. Kisha jitumie barua, fungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu, chagua kuona ujumbe asilia. Mbele ya zote tatu paandikwe PASS. Bila hivyo usitume.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na rekodi zote tatu na kitufe cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja. Malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, lenga chini ya 0.1. Hata ukiwa na watu 200, fuata masharti hayo hayo. Asilimia 0.3 ni watu 3 kwa 1,000, na hiyo ni idadi ndogo ya kutisha. Ndiyo maana maneno ya kujiondoa yawe makubwa na rahisi kuonekana: anayekosa mlango wa kutokea hubonyeza “spamu”.

Domeni mpya isitume barua 2,000 siku ya kwanza. Anza na 50 kwa siku kwa wale waliojiunga karibuni, ongeza taratibu kwa wiki tatu au nne.

Barua zenyewe

Barua ya kwanza itoke papo hapo na PDF, bila kuuza kitu. Siku ya pili jibu swali moja kwa kipimo. Siku ya tano linganisha vitu viwili na useme kipi hakimfai nani. Siku ya tisa pendekeza kimoja, na linki. Baada ya hapo barua moja kwa wiki inatosha, na inayouza itoke kati ya tarehe 26 na 30, mshahara ukiwa umeingia na kodi haijaumeza.

Kichwa kisizidi herufi 40 hivi, maana simu hukata. Barua iwe maandishi tu au na picha moja. HTML (msimbo wa barua) ikizidi KB 102 Gmail huikata chini, na sehemu inayokatwa ndiyo yenye maneno ya kujiondoa. Barua moja, bidhaa moja, linki ile ile mara mbili. Mfano:

“Kichwa: Maharage: sufuria ya presha inakula ngapi?

Habari yako,
Linki iliyo hapa chini inanilipa kamisheni ukinunua. Bei yako haibadiliki.
Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Mita kabla: ___. Mita baada: ___. Dakika: ___.
Ikiwa unapika maharage au nyama mara tatu kwa wiki, kifaa hiki kitakufaa. Ukipika ugali na sukuma pekee, baki na meko yako.
Lita 6, wati 1,000, urefu na upana wake ni ___, kwa hiyo pima meza yako kwanza. Plagi ni ya pini tatu. Kufikisha ni shilingi ___, au uchukue mwenyewe kituo kilicho karibu.
Iangalie hapa: ___”

Nafasi zilizo wazi zijaze kwa vipimo vyako mwenyewe. Soma yuniti zilizobaki kwenye mita kabla na baada, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Usibuni. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na zaidi ya sheria, mteja naye ana mita kwake.

Mistari ya vipimo, plagi na gharama ya kufikisha inaonekana midogo, lakini ndiyo inayolinda kamisheni. Oda nyingi hufa mlangoni: mteja alichagua kulipa mzigo ukifika, mpeleka mizigo anapiga simu yeye akiwa kazini Industrial Area, au hana pesa, au kifaa kinafika na pini mbili wakati soketi zetu ni za tatu, au ni kikubwa kuliko meza. Anakataa, mzigo unarudi, mstari wako unageuka kuwa “imekataliwa”. Mshauri achague kituo cha kuchukulia mzigo kilicho kwenye njia yake ya kurudi nyumbani.

Usitumie vifupisho vya linki vya bure kwenye barua. Matapeli wamevitumia sana hadi vichujio vya spamu vinavitilia shaka. Kama mpango unaruhusu, tengeneza kielekezi, yaani linki yako fupi inayompeleka msomaji kwenye linki ya duka, kwenye domeni yako, mfano jina lako la domeni likifuatwa na /presha. Bidhaa ikiisha dukani, unabadilisha mahali pamoja, na barua za zamani zinaendelea kufanya kazi.

Kuhesabu, na kulipwa

Mipango mingi inakuruhusu kuongeza alama yako mwishoni mwa linki. Tumia fupi: wa, ig, tt, fb, bp (barua pepe). Kila Jumatatu jaza safu nne kwa kila alama: mibonyezo, oda, zilizofika, zilizokataliwa. Usihangaike na idadi ya waliofungua barua. Tangu Apple ilipoleta ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya barua mwaka 2021, barua za wanaoitumia huweza kuhesabika zimefunguliwa hata kama hakuna aliyezisoma. Mbonyezo ndio unaosema ukweli. Ikiwa TikTok inaleta mibonyezo mingi na oda chache huku barua pepe ikileta kinyume, video za TikTok ziache kuuza, zianze kuwaalika watu kwenye PDF.

Pesa ya duka la hapa huja kwa njia iliyoandikwa kwenye masharti. Ya nje mara nyingi huja kwa PayPal au Payoneer, na ya PayPal unaweza kuihamishia M-Pesa. Angalia kiwango cha kubadilisha fedha kabla ya kubonyeza kukubali, kwa sababu hapo ndipo sehemu nyingine ya pesa huvuja. Tangu Julai 2023 kamisheni za namna hii zimetajwa waziwazi kwenye sheria ya mapato ya maudhui ya kidijitali: mkaazi wa Kenya anakatwa asilimia 5 kabla ya kulipwa. Kwenye ile 20,000 ni shilingi 1,000. Omba cheti cha makato hayo, kwa kuwa bado utawasilisha ritani kwa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) kufikia tarehe 30 Juni, na kilichokatwa kinahesabiwa humo.

Kila baada ya miezi mitatu chuja waliojiunga lakini hawajawahi kubonyeza chochote. Watumie barua moja ya mstari mmoja kuuliza kama wangependa kuendelea. Wasiojibu ndani ya siku 14 waondoe. Mwisho wa kila mwezi, kabla ya barua ya tarehe 26, bonyeza kila linki uliyowahi kuweka kwenye wasifu, PDF na barua za kiotomatiki. Ile inayofunguka kwenye ukurasa wa “bidhaa imeisha” ibadilishe siku hiyo hiyo.